Land Rover ya Babu na Taa Zinazofifia Kwenye Foleni

Wadogo zangu, leo tukae na jambo moja tu, kwa sababu mmelileta kwangu kwa sura nyingi na kila nikilijibu kwa mistari miwili naona nimewapunja.

Mtu amerithi gari la zamani. Mara nyingi ni Land Rover Series IIA, ile ya miaka ya 1960, ya babu aliyekuwa bwana shamba au mwalimu mkuu, na ukoo mzima una picha umeiegemea. Mchana inakwenda vizuri. Usiku, foleni imekwama na mvua inanyesha, taa zinageuka njano, waipa zinapanda kwa kusuasua, na asubuhi yake gari haliwaki mpaka lisukumwe. Fundi anasema, "Tutoe hii dainamo, tufunge altaneta ya Toyota, yaishe." Baba mdogo anasema, "Gari la mzee lisiguswe." Nawe umesimama katikati, ufunguo mkononi.

Mimi niko upande wako wewe unayeendesha usiku. Gari lisilomulika barabara linaua, na babu mwenyewe asingekubali mjukuu wake aendeshe hivyo. Lakini lile neno "yaishe" nalo silikubali. Ipo namna ya kulipatia gari umeme wa kutosha, kisha ukafungua boneti mbele ya mzee anayelijua na yeye asione kilichobadilika. Na unaweza kuifanya kazi yote hiyo bila kukata chuma wala kutupa kitu, ili atakayelirithi baada yako akitaka kurudisha ya zamani, airudishe kwa spana.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomaliza ubishi wa kifamilia. Dainamo ya Land Rover hizo ni Lucas C40, kopo refu jeusi lililolala ubavuni mwa injini. Ikiwa nzima hutoa kama ampea 22, na hizo ni za injini inayozunguka kwa kasi. Ukiacha kukanyaga mafuta, injini ikabaki inanguruma polepole, dainamo haitoi kitu. Kile kisanduku cha kudhibiti chaji ukutani mwa injini, ambacho mafundi wengi hukiita katauti, huikata kabisa ili betri isirudishe umeme wake ndani ya dainamo.

Sasa hesabu matumizi. Taa kubwa mbili za wati 55 ni wati 110, yaani kama ampea 9 kwenye gari la volti 12. Taa ndogo za mbele, za nyuma na ya namba, karibu ampea 2. Koili na plagi, 3 au 4. Waipa, 2 mpaka 4. Chaja ya simu, 1 au zaidi. Umeshafika 18, pengine 20. Kwenye barabara wazi, gari liko kwenye mwendo wake, dainamo nzima inamudu kwa tabu na inabakiza kidogo cha kurudishia betri. Ukikwama Ubungo au Uhuru Highway saa moja jioni, mapato ni sifuri na matumizi ni yaleyale, kama nyumba inayokula akiba kila jioni ikitumaini mshahara wa kesho. Ndiyo maana taa zinafifia. Hakuna aliyeloga gari, na dainamo haina kosa: ilitengenezewa gari la shamba na la safari ndefu, siyo la kusimama saa nzima na taa zote zikiwaka.

Mwonyeshe baba mdogo hesabu hiyo kwenye karatasi. Kisha mwambie na hili: Land Rover wenyewe walipoleta Series III mwaka 1971, waliacha dainamo wakafunga altaneta, tena kwenye injini ileile ya petroli ya lita 2.25. Unachotaka kufanya, kiwanda kilikifanya zamani.

Kabla hujanunua chochote, pima. Nunua mita ndogo ya dijito, si ghali, maduka ya vifaa vya umeme yanazo. Gari likiwa limelala usiku kucha, gusa temino mbili za betri. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni nusu hivi. Chini ya 12 betri iko taabani na hakuna dainamo wala altaneta itakayoifufua kama imeshakufa. Washa injini, ongeza mwendo, pima tena: unataka kuona volti 14 au karibu yake. Halafu acha injini ingurume polepole na taa zikiwaka, uone namba inavyoshuka. Namba hizo tatu ziandike.

Kuna kipimo cha nne ambacho mafundi wengi hukiruka. Taa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye temino ya betri iliyofungwa kwenye bodi, na ncha nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha kwenye kikombe cha taa. Inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, umeme wako unapotelea njiani kwenye kutu. Land Rover ina bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu hulana. Walioko Tanga, Mombasa na Unguja, wenye hewa ya chumvi, waanzie hapa kabla ya kugusa dainamo. Nyaya za ethi zifunguliwe, zisuguliwe mpaka zing'ae, zifungwe upya na kupakwa grisi. Nimeona gari linapata taa nyeupe kwa kazi hiyo peke yake.

Na kama gari lako linatoka Jumapili mchana kwenda kanisani au harusini tu, nakushauri ubaki na dainamo. Badilisha brashi za kaboni, safisha kile kizingo cha shaba zinaposugulia, kaza mkanda, weka balbu za LED kwenye taa ndogo, basi. Umepata unachohitaji kwa pesa ndogo na gari limebaki kama lilivyotoka kiwandani.

Lakini wewe unayelitumia kila siku, au unayelipeleka porini na friji ndogo nyuma, unahitaji altaneta. Nieleze kwa nini, ili usimezeshwe maneno. Ndani ya dainamo, waya unaozalisha umeme ndio unaozunguka, na umeme wote unapita kwenye zile brashi. Ukiizungusha kwa kasi sana brashi zinachomeka na nyaya zinataka kuruka kutoka kwenye mhimili. Altaneta imepinduliwa: kinachozunguka ni sumaku ya umeme, na waya unaozalisha umetulia pembeni. Brashi zake hubeba umeme mdogo tu wa kuiamsha sumaku. Kwa hiyo inaweza kufungwa puli ndogo, ikazunguka mbio, na ikatoa umeme wa maana hata injini inaponguruma polepole kwenye foleni. Diodi ndani yake hugeuza umeme uende upande mmoja, na hizo hizo huzuia betri isirudishe umeme nyuma, ndiyo maana katauti haihitajiki tena.

Njia ninayoipenda zaidi ni altaneta iliyojengwa ndani ya umbo la dainamo. Viwanda vya Uingereza vinavyohudumia magari ya zamani huitengeneza: kwa nje ni kopo lilelile refu jeusi, linakaa kwenye vishikio vilevile, puli iko pale pale. Kwa ndani ni altaneta ndogo ya kisasa, mara nyingi karibu mara mbili ya umeme wa C40. Hutoboi tundu hata moja. Ubaya ni bei: ukiongeza usafirishaji na ushuru, inaipita altaneta ya kawaida mara kadhaa. Kama unalipeleka gari kwenye maonyesho, tuseme Concours d'Elegance ya Nairobi pale uwanja wa farasi wa Ngong, ambako majaji huinama mpaka chini ya boneti, pesa hiyo ina maana. Kama una mtoto anaanza shule Januari, subiri.

Njia ya pili, ambayo wengi wenu mnaiweza, ni altaneta ya Series III yenyewe, Lucas 16ACR ya ampea 34, au ndugu yake 18ACR inayofika kama 45. Kibebeo chake cha Series III kinakaa kwenye bloku ileile kwa kazi ndogo. Haifanani na dainamo, ni fupi na nene, lakini ni ya ukoo wa gari hilo, na mtu anayezijua Land Rover akiiona hatakunja uso. Ipake rangi nyeusi isiyong'aa sana, na ukipita haraka huioni. Spea zake bado zinapatikana kwa sababu Series III zilitengenezwa mpaka 1985, na Afrika Mashariki bado zinabeba mizigo. Waliohudhuria tamasha la Land Rover pale Arusha Oktoba 2024 waliziona kwa macho yao.

Altaneta ya Toyota? Itachaji, sikatai. Ila kuifunga mara nyingi fundi atakata kibebeo cha zamani na kuchomelea kipande, na hapo ndipo ninapokuomba useme hapana.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo pesa huungua. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa betri kinyume na tulivyozoea: temino ya chanya ndiyo iliyounganishwa kwenye bodi. Altaneta nyingi zinataka hasi kwenye bodi. Ukiifunga altaneta bila kulijua hilo, diodi zinaungua papo hapo, na hurudishiwi pesa. Fungua kifuniko cha betri uangalie mwenyewe ni waya upi unakwenda kwenye bodi. Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, kwa sababu katika miaka hamsini na zaidi kuna mtu anaweza kuwa ameshaligeuza.

Kuligeuza si kazi kubwa. Betri inazungushwa, lakini vishikio vyake lazima vibadilishwe kwa sababu temino ya chanya ni nene kuliko ya hasi, na kishikio cha upande mmoja hakikai sawasawa upande wa pili. Nyaya mbili ndogo za koili zinabadilishana, ili upande wa hasi uende kwenye distributa. Nyaya mbili za amita nazo zinabadilishana, la sivyo itakuonyesha inachaji wakati inapoteza. Stata haijali, itazunguka upande uleule. Redio ya zamani iliyotengenezwa kwa chanya kwenye bodi itolewe kabisa kabla ya kuunganisha, kwa sababu itakufa. Balbu za LED ulizoziweka zikague pia. Na baada ya hapo bandika karatasi ndogo karibu na betri: "Hasi kwenye bodi." Siku moja fundi mwingine atalifungua gari hilo gizani.

Ile katauti sasa haina kazi, na hapa ndipo mwonekano wa zamani unapoponea. Fundi atataka kuing'oa na kukuachia matundu mawili ukutani. Mwambie aiache. Ndani yake kuna koili ndogo; nyaya zake zinatenganishwa, na sehemu zake za kufungia zinabaki kama kituo cha kuunganishia: nyaya nene zilizokuwa kwenye D na kwenye A zinakutana pamoja, na waya mwembamba wa taa ya onyo unapelekwa kwenye altaneta. Kifuniko kinarudi juu yake. Ukitazama kwa nje, kila kitu kiko pale kilipokuwa mwaka 1965. Bora zaidi, ukipata katauti nyingine mbovu kwa wauza vyuma chakavu, tumia hiyo kama ganda, ile nzima ihifadhi.

Nyaya, usizionee huruma. Waya wa zamani uliotoka kwenye dainamo ulipimwa kwa ampea ishirini na kitu, usiutwishe 45. Pitisha waya mpya mnene kutoka altaneta mpaka pale waya wa betri unapofikia stata, uufuatishe njia ya fungu la zamani, na uuvike kitambaa cha kusukwa kama zile za zamani. Weka fyuzi yake karibu na betri. Na kwa kuwa uko hapo, wekea taa kubwa fyuzi na rilei, zifichwe nyuma ya dashibodi. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka hiyo yaliacha taa kubwa bila fyuzi yoyote, na waya wa zamani ukichubuka moshi hautangulii kubisha hodi.

Kuna jambo moja la amita ambalo halikwepeki. Amita ya zamani inaonyesha mpaka 30 kila upande, na umeme wote unaoingia na kutoka kwenye betri, isipokuwa wa stata, unapita ndani yake. Altaneta kubwa ikikuta betri iliyolala inaweza kusukuma zaidi ya hapo, na amita ikapata moto nyuma ya dashibodi. Ukiupeleka waya mpya moja kwa moja upande wa betri kama nilivyosema, amita itabaki kuonyesha matumizi tu, mshale utalala upande wa kutoa muda wote, na moyo utakudunda mpaka uzoee. Mimi naona ni bei ndogo ya kulipa. Weka voltimita ndogo kwenye rafu chini ya dashibodi, pasipoonekana sana, iwe ndiyo unayoiamini. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.4 ukiwa barabarani, endesha kwa raha.

Taa nyekundu ya onyo la chaji iachwe na balbu yake ya nyuzi ya zamani. Umeme mdogo unaopita ndani yake ndio unaoiamsha altaneta gari linapowaka. Ukiweka LED pale, au balbu ikiungua, altaneta inaweza kugoma kuamka. Na taa hiyo ikiwaka ukiwa njiani, simama. Mkanda unaozungusha altaneta ndio huohuo unaozungusha feni na pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika, injini itachemka kabla betri haijaisha. Beba mkanda wa akiba.

Sasa kuhusu fundi. Mtafute mzee aliyezifanyia kazi Land Rover zilipokuwa mpya. Vijana ni hodari kwa magari ya kompyuta, lakini wengi hawajawahi kufungua C40. Mwamkie vizuri, na mweleze unachotaka kabla hajashika spana: "Shikamoo mzee. Gari hili ni la marehemu babu. Naomba tusikate kitu wala tusitupe kitu, na kila tutakachotoa nitaondoka nacho." Mzee wa kazi akisikia hivyo hukuheshimu. Nawe ukiwa mwanamke, akikujibu kwamba wanawake hawayajui haya, mwonyeshe karatasi yako ya vipimo, na akiendelea, lipeleke gari kwingine.

Kisha kaa pale. Kuna desturi moja mbaya gereji nyingi: fundi akitaka kujua kama gari linachaji, anachomoa temino ya betri injini ikiwa inawaka. Kwa altaneta hilo ni kuiua. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiichomoa, volti zinaruka juu ghafla na diodi zinakwenda. Mzuie kwa upole lakini mzuie, una mita yako mfukoni. Vilevile siku bodi ikichomelewa, betri ichomolewe kwanza, injini ikiwa imezimwa, na nyaya za altaneta zitolewe.

Dainamo ya zamani, kibebeo chake, puli, nati na bolti zake, vitie kwenye boksi moja. Puli usiigawe hata kama fundi anasema ana gari linaihitaji. Funga ndani ya nailoni pamoja na mchoro wa nyaya: zilivyokuwa, na zilivyo sasa. Mchoro wa mkono unatosha, ilimradi rangi za nyaya zimeandikwa. Nakala yake iache ndani ya gari, chini ya kiti.

Wale mlioniuliza kuhusu Beetle, maswali yenu nitayajibu toleo lijalo, kwa sababu kwake feni ya kupoza injini imefungwa nyuma ya dainamo yenyewe na kazi yake ni tofauti kabisa. Wenye Land Rover, nileteeni namba zenu nne: betri asubuhi, injini ikiwa na kasi, injini ikinguruma polepole na taa zikiwaka, na ile ya ethi. Andikeni pia ni temino ipi iko kwenye bodi. Nikiwa na hizo nitamwambia kila mmoja aanzie wapi, na wengine nitawaambia wasinunue kitu.